Kadi ya zamani ya mupira: angalia hali yake kabla ya kuiuza

Mwaka 1974 kampuni ya Panini, ya Modena kule Italia, ilichapisha albamu ya Kombe la Dunia, na Zaire imo ndani. Timu ile ilikuwa na watu wa Mazembe: golikipa Kazadi, Mwepu Ilunga, Bwanga Tshimen. Kama papa aliacha kadi za namna hii ndani ya valizi, siku moja mnunuzi atakuambia: "Papa, hii ilisha kuharibika, nitakupa franga kidogo tu." Ukiwa umeiangalia mwenyewe, utajua kama anasema kweli.

Nawa mikono, ikauke vizuri. Weka kadi juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha lakini si kwenye jua. Anza na pembe zote ine: zimeviringika, zimefanya nyuzi nyeupe? Kisha kingo. Hapa njo wengi wanadanganywa, kwa sababu kadi iliyokatwa na makasi inaonekana mpya kuliko ingine. Ipime na rula kando ya kadi ya mfululizo uleule; ikipungua milimita moja, uliza kwa nini. Halafu inamisha tochi ya telefone karibu na uso wake. Mwanga wa pembeni unaonyesha mikunjo ambayo macho hayakuona, na mkunjo uliopasua rangi unashusha bei sana. Angalia pia kama picha iko katikati, na ugeuze nyuma: gundi, bic, scotch.

Wapimaji wa Marekani kama PSA wanatoa alama toka 1 mpaka 10. Kadi iliyopita katika vumbi letu usiitegemee kupata 10, lakini kadi adimu inatafutwa hata ikiwa na alama ndogo.

Usifute na maji. Usipige pasi. Na ile tabia yetu ya kuplastifia kila kitu kama kadi ya mchaguzi, hapa hapana: joto na gundi havitoki tena. Iliyobandikwa ndani ya albamu, iache humo.

Iweke ndani ya mfuko laini wa plastiki, katikati ya makartoni mawili, mbali na ukuta, zaidi sana Novemba mpaka Aprili, wakati wa mvua. Piga foto pande zote mbili kabla haijatoka nyumbani. Mutu akiibeba "kwenda kuionyesha", mbaki na ushahidi.