Lakabu ya Yankee na Vita Vilivyoigeuza

Wako watu wanaouliza hadi leo kama ni adabu kumwita Mmarekani Yankee, ama ni kumtukana; na jawabu hutafutwa aghalabu katika asili ya neno, mahali ambapo halipatikani. Wajuzi wa lugha wamekhitalifiana: wengi huelekea kwa Waholanzi walioukalia mji wa New Amsterdam kabla Waingereza hawajautwaa mwaka 1664 na kuuita New York, wakisema kuwa ni jina Jan, lililoenea mno kwa Waholanzi, likitamkwa kwa namna ya kudunisha, wengine hulinasibisha na lugha za wenyeji wa asili wa nchi ile. Na tuwaache katika mabishano yao.

Katika karne ya kumi na nane dharau ilikuwa dhahiri. Jenerali James Wolfe, yule aliyekufa Quebec mwaka 1759 siku ya ushindi wake, aliandika barua mwaka mmoja kabla akiwaita Yankee askari wa New England waliowekwa chini ya amri yake, wala hakuficha hata kidogo jinsi alivyowadharau wanajeshi waliozaliwa katika makoloni. Kisha ukaja wimbo uliobeba lakabu hiyo hiyo, ambao riwaya mashuhuri humtaja mtungaji wake kuwa ni Richard Shuckburgh, tabibu wa jeshi la Kiingereza. Wimbo wa kumfanyia istihizai mshamba wa makoloni, anayechomeka unyoya kofiani akajiona amekwisha kuwa mtanashati. Tarehe 19 Aprili 1775, siku vilipoanza vita vya makoloni kupigania uhuru wao, kikosi cha Kiingereza cha Lord Percy kilipotoka Boston kwenda kuwasaidia wenzao waliotangulia upande wa Lexington na Concord, wapiga filimbi wake waliupiga wimbo huo njiani kwa kejeli. Jioni walirejea mbio, huku risasi za wakulima wale wale waliokejeliwa zikiwaandama kutoka nyuma ya kuta za mawe.

Basi waliotukanwa wakaliokota tusi. Tarehe 17 Oktoba 1777, Jenerali Burgoyne wa jeshi la Kiingereza aliposalimu amri huko Saratoga, na askari wake karibu elfu sita wakaweka silaha chini, wimbo uliowasindikiza ulikuwa ule ule, safari hii ukipigwa na Wamarekani. Thomas Anburey, afisa wa Kiingereza aliyekuwa miongoni mwa mateka, ameeleza kwamba neno lililokuwa aibu lilikwisha kuwa fahari kwa wenyewe. Wazee wa bara ya Tanganyika husimulia kuwa utani baina ya kabila na kabila mara nyingi ulizaliwa baada ya vita, pande mbili zilipokwisha kupimana nguvu. Mtani hutukana bila khofu na hutukanwa bila hasira, madhali hakuna aliye juu ya mwenziwe. Mwingereza na Mmarekani, ingawa walipigana tena mwaka 1812, walikuja kuwa watani wa namna hiyo, hata askari wa Marekani walipojaa Uingereza tangu mwaka 1942 na mishahara yao minono, wenyeji wakawaita Yank kwa manung'uniko na mapenzi kwa pamoja. Lau Burgoyne angalishinda, nadhani lakabu ile ingalibaki kuwa jeraha.

Kusini mwa Marekani ilibaki jeraha kweli, kwa kuwa huko ndiko walikoshindwa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Yankee lilikuwa jina la adui wa Kaskazini, na jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini lilipoivuka Georgia mwaka 1864 kutoka Atlanta hadi Savannah, likichoma maghala na kung'oa reli, jina hilo lilipata uchungu ambao watoto walirithishwa. Nasema uchungu wa mabwana. Watumwa waliolifuata jeshi hilo kwa maelfu wakitafuta uhuru hawakuwa na sababu ya kulichukia. Mexico nayo, iliyopokonywa takriban nusu ya ardhi yake katika vita vyake na Marekani vya 1846 hadi 1848, haikupata Saratoga yake, na neno hilo katika vinywa vya watu wake halina utani mwingi.

Watu wa Unguja waliwafahamu Yankee halisi mapema, kwani wafanyabiashara wa Kimarekani waliofuata mkataba wa Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, wa mwaka 1833 walikuwa hasa watu wa Salem, katika Massachusetts, na balozi wa kwanza, Richard Waters aliyefika mwaka 1837, alikuwa mmoja wao. Walichukua pembe na sandarusi, wakaleta kitambaa ambacho pwani ilikivika jina la nchi yao, merikani, kikawa kama fedha katika misafara ya bara. Hakuna aliyeona tusi humo. Lakini hapo hapo Unguja Mshihiri, Mwarabu ambaye jina lake latokana na bandari ya Shihr tu, alijulikana kwa kuchukua mizigo na maji, na jina la mji wake likaingiwa na dharau.

Na Mwingereza wa leo amwitaye mtu wa Alabama Yank, akidhani anamtania, huenda akajibiwa kwa ukali kuwa Yankee wako Kaskazini. Ilhali Connecticut, iliyo katika New England ile ile aliyoidharau Wolfe, iliupitisha wimbo wa kejeli kuwa wimbo rasmi wa jimbo mwaka 1978.