Jua Kupatwa: Hesabu, Si Mkosi

Ndugu msomaji, wajua kilichotokea siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.)? Jua lilipatwa pale Madina. Wanahistoria wanaitaja tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limehuzunika. Mtume, japo alikuwa na msiba, akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Mkiona hivyo, salini.

Kama si mkosi basi ni mpango, na mpango huhesabika. Al-Battani wa Raqqa, Shamu, alipima mwendo wa jua na mwezi kwa miaka kama 40. Ibn Yunus wa Cairo, aliyefariki 1009, aliandika habari za kupatwa kwingi. Karne ya 19 Simon Newcomb wa Marekani alizitumia kuchunguza mwendo wa mwezi.

Hesabu hizo ndizo zinazotuambia kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote pale Makka. Sisi Kenya tutaona sehemu tu. Kwa hivyo kijana, iandike tarehe hiyo, usilitazame jua kwa macho matupu, na ujifunze swala ya kusuf mapema.