Misimu ya Kutosha: Nafasi za Watafiti Chipukizi katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma

Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulitumia wiki tisa kukagua nchi hii na jirani zake, sehemu kubwa ya safari ikiwa ni kwa ndege, kisha ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe karanga. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikaelekezwa Nachingwea, na Januari 1951 mradi ukavunjwa baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Sababu za anguko hilo ni nyingi, lakini kwa mtaalamu wa udongo mojawapo inazizidi nyingine: hakuna aliyekaa shambani misimu ya kutosha kuijua mvua wala ardhi. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2009, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji uleule uliokuzwa na mradi ule, kilitoa mbegu mpya za karanga. Mojawapo inaitwa Nachingwea 2009.

Kilichotenganisha matokeo hayo mawili ni muda wa kukaa. Tunapozungumzia fursa za utafiti kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na kwa wale waliokwisha kuhitimu uzamivu, tumezoea kuhesabu idadi ya ufadhili. Nadai kwamba kwa pwani ya Mtwara hesabu iliyo sahihi ni ya misimu ambayo mtafiti anawezeshwa kuishuhudia.

Tuanze na mkorosho. Unachanua wakati wa baridi ya kusi, kati ya Juni na Septemba, na ndipo ugonjwa wa ubwiriunga unaposhambulia maua. Mwanafunzi wa uzamili anayemaliza masomo ya darasani, akasubiri kibali na fedha, hufika Mtwara akiwa na nafasi ya kuona kusi moja tu. Mwaka huo ukiwa na umande mwingi kuliko kawaida, tasnifu yake yote itaeleza mwaka usio wa kawaida. Mche wenyewe huhitaji yapata miaka mitatu kuanza kuzaa, na kuzalisha aina bora ni kazi ya zaidi ya muongo. Uzalishaji wa korosho nchini ulishuka kutoka takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87, kwa sababu ya ubwiriunga, bei duni, na operesheni vijiji iliyowahamisha wakulima mbali na mikorosho yao. Ulipovuka tani 300,000 msimu wa 2017/18, nyuma yake kulikuwa na watu kama Peter Masawe, aliyetumia miongo Naliendele akizalisha aina bora za mikorosho. Hakuna ufadhili wa miezi sita ambao ungeweza kuzaa kazi ya namna hiyo.

Baharini saa inakwenda kwa namna nyingine. Pweza huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hivyo uchunguzi wa kufunga miamba kwa muda ili isivuliwe, ukifanywa pamoja na wanawake wanaochokoa pweza wakati wa bamvua, unamfaa kabisa mwanafunzi wa uzamili. Matumbawe yaliyopauka katika joto la mwaka 1998 hayamfai. Hayo yanadai mtu wa kurudi mwamba uleule mwaka baada ya mwaka.

Kukaa muda mrefu kumekwisha kuthibitisha faida yake upande wa jamii. Vinay Kamat wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliandika mwaka 2014 juu ya njaa na machungu ya wavuvi wanaoishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, akaendelea na suala hilo hadi kitabu chake cha mwaka 2024. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ninachosikitikia ni kwamba kijana wa kijiji cha Msimbati au Madimba mwenye shahada ya uzamivu hana cheo cha utafiti kinachomwezesha kukaa kwao na kufanya kazi ya urefu huo.

Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2000, ina takribani kilomita za mraba 650, na karibu theluthi moja yake ni nchi kavu. Humo mna mikoko, vijiji na mashamba. Hata hivyo mwanafunzi wa kilimo hupelekwa Naliendele, mwenzake wa bahari hupelekwa hifadhini, na hawakutani. Mfano wa kinachopotea ni huu: mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti kuhusu salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ya kusini, wakionyesha hatari ya tindikali kuongezeka katika udongo wa kichanga. Salfa yenyewe si ngeni baharini, kwani maji ya chumvi yamejaa salfeti. Swali la kusumbua ni nini kingine kinachofunguliwa na tindikali hiyo, pamoja na viuatilifu vilivyofuata, kikashuka na mvua hadi kwenye tope la mikoko ambamo kamba na samaki hukulia. Swali hili haliwezi kubebwa na mtaalamu wa udongo peke yake, wala wa samaki peke yake.

Kuna pingamizi zito. Maabara na wasimamizi wako Dar es Salaam, Morogoro na Zanzibar, na msomi kijana aliyewekwa Mtwara anaweza kutengwa na wenzake, akachelewa kuchapisha na kupanda cheo. Tena usalama wa mpakani si jambo la kupuuza tangu kijiji cha Kitaya kilipovamiwa Oktoba 2020. Nakubali yote mawili. Lakini ushirikiano wa Sweden na vyuo vyetu ulikwisha kuonyesha kwamba mtafiti anaweza kugawa muda wake kati ya taasisi mbili. Mpango huo ugeuzwe: makao yawe Naliendele au Msimbati, na miezi michache ya kila mwaka iwe ya maabara.

Fedha si jambo la kubuni upya. Hadi mwaka 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kwenye tasnia, utafiti ukiwemo; sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Fungu lolote linalorudi kusini lianze kulipa mishahara ya watafiti wa baada ya uzamivu kwa mikataba ya miaka mitano, huku WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mfuko wa COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, wakichangia upande wa bahari. Na kila mtafiti wa kigeni anayepewa kibali cha kufanya kazi Mtwara kwa zaidi ya mwaka mmoja abebe sharti la kumgharamia mwanafunzi mmoja wa Kitanzania shambani au baharini kwa kusi mbili mfululizo, na takwimu ghafi zibaki Naliendele.