Sensa ya krankshafti: gari linapozima njiani kwenda Nyeri
Sensa ya krankshafti mara nyingi ni sumaku na koili ya waya, iliyofungwa karibu na gurudumu la meno linalozunguka pamoja na krankshafti. Kila jino likipita, umeme kidogo huzalika. Katika injini nyingi za Toyota, gurudumu hilo lina meno 34 na pengo la mawili. Pengo ndilo huijulisha kompyuta pistoni zilipo, ili plagi ziwashe kwa wakati wake.

Sensa ikichoka, injini huzima ikishika moto, kisha huwaka ikipoa. Likizima kwenye barabara ya Karatina hadi Nyeri, usukani na breki huwa nzito: ni hatari. Msafiri wa Pwani asilaumu baridi ya mlima. Stata ikizungusha na mshale wa mizunguko usipande, fundi aanze na sensa na nyaya zake.