Maduka ya Kazi za Mikono na Deni Lililoyaangusha

Zamani wafanya biashara wa Marekani walileta pwani yetu nguo ya pamba, na wazee wetu wakaiita merikani. Leo twataka kueleza habari za maduka ya huko huko Marekani yaliyouza vitambaa, nyuzi, sindano na vifungo, jinsi yalivyokua na jinsi yalivyoanguka.

Mwaka wa 1943, wakati wa vita, jamaa mbili zilizotoka Ujerumani, Reich na Rohde, zilifanya biashara pamoja mjini Cleveland. Duka lao liliuza jibini, kisha wakatia na vitambaa. Siku zile wanawake wengi walishona nguo za watoto wao nyumbani, nayo majora yakanunuliwa kuliko jibini. Baadaye wakaliita duka Jo-Ann, kwa majina ya binti zao. Duka moja likazaa la pili, na la pili mengine, hata yakawa yapata 800.

Basi, ni nini kilichoyaangusha? Ni kweli kwamba nguo zilizoshonwa tayari zilikuwa rahisi, na washonaji wakapungua. Lakini twaona sababu nyingine iliyo kubwa. Mwaka wa 2011 kampuni ya wenye fedha, Leonard Green, iliyanunua maduka hayo kwa dola milioni 1,600 hivi. Nyingi katika fedha hizo zilikuwa za kukopa, na deni lile halikuwekwa juu ya mnunuzi, bali juu ya maduka yenyewe. Ni kama mtu akopaye fedha anunue shamba la jirani, kisha aliambie shamba, "Lipa wewe."

Mwaka wa 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, watu walirudia cherehani zao washone barakoa, na mauzo yakapanda. Lakini neema ile haikudumu, na deni likabaki. Machi 2024 maduka yakakimbilia mahakama. Januari 2025 yakarudi tena. Na mwisho wa Mei 2025 milango yote ikafungwa. Watumishi yapata 19,000 wakapoteza kazi, nao hawakukopa hata senti moja ya deni lile.

Wala tusiseme kwamba kila mkopo ni mbaya. Mwaka wa 1970, katika Oklahoma, David Green alikopa dola 600 ili aanze kutengeneza fremu ndogo za picha nyumbani kwake. Kazi ile ikalipa deni, na kutoka kwake yakatokea maduka ya Hobby Lobby, ambayo yangali wazi.

Wahenga walisema: Kukopa arusi, kulipa matanga. Basi, ndugu msomaji, kabla hujakopa, jiulize maswali mawili: Je, fedha hizi zitanunua jembe litakalolima? Na je, atakayelipa ni mimi, au ni mwingine asiyejua lo lote?