Njaa Haijui Siku ya Kufunga Shule

Siku ya kufunga shule ni siku ya furaha kwa watoto wengi. Lakini wako wengine ambao chakula cha shuleni ndicho chakula chao cha hakika, na kwao siku ile ni mwanzo wa shida. Jambo hili si geni duniani. Na tutazame habari zake za zamani, tupate kujua yatupasayo sisi wazazi na walimu.

Katika nchi ya Uingereza uko mji uitwao Bradford, uliosifika kwa viwanda vya sufu. Mali ilikuwa nyingi mjini, walakini watoto wengi wa wafanya kazi walikwenda shule bila kula. Miongoni mwa waliowatetea ni Bibi Margaret McMillan, aliyechaguliwa mwaka 1894 kuwa mjumbe wa halmashauri ya shule za mji, na Bwana Fred Jowett, aliyeingia Bungeni mwaka 1906. Mwaka huo huo ilitolewa sheria ya kuziruhusu halmashauri kuwapa wanafunzi chakula. Tena sheria hiyo ililinda heshima ya watu: mzazi asiyeweza kulipa hakunyang'anywa haki yake ya kupiga kura, maana zamani zile maskini aliyepokea msaada wa serikali aliweza kuipoteza.

Mwaka 1907 daktari wa shule za Bradford, Ralph Crowley, pamoja na Bibi Marian Cuff, mkuu wa mafundisho ya upishi, walitaka kujua kwa hakika faida ya chakula hicho. Wakachagua watoto 40 walio maskini, wakawapa chakula cha asubuhi na cha mchana tangu Aprili hata Julai, wakawapima uzito mara kwa mara. Watoto wakaongezeka kuliko wenzao wasiolishwa. Lakini katikati ya kazi hiyo ikaja likizo ya Pentekoste, shule zikafungwa, na chakula kikakoma. Waliporudi na kupimwa, uzito wao ulikuwa umepungua. Mizani haina upendeleo: ilionyesha wazi kwamba likizo ya shule ilikuwa kwao majira ya njaa.

Je, sheria ilirekebishwa upesi? La. Ile ya mwaka 1906 ilifasiriwa kuwa ni ya siku za masomo tu. Ruhusa ya kuwalisha watoto siku ambazo shule imefungwa ilipatikana mwaka 1914, yaani miaka 8 baada ya sheria hiyo.

Marekani nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Huko chama kikubwa cha wazazi kilianza mwaka 1897 mjini Washington, kwa juhudi za Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst. Mwaka 1926 Bibi Selena Sloan Butler alianzisha mjini Atlanta chama cha wazazi na walimu wa watu weusi, kwa kuwa katika majimbo mengi shule zilitengwa kwa rangi. Vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1970. Katika miji mingi akina mama wa vyama vya shule walipika na kuwagawia wanafunzi chakula kabla serikali haijajitwika kazi hiyo. Sheria ya taifa zima ya chakula cha shule ilitolewa mwaka 1946, na mpango wa serikali wa kuwalisha watoto wakati wa likizo ulianza mwaka 1968. Miaka 22 ilipita katikati!

Basi, tumejifunza nini? Mara mbili sheria iliikumbuka siku ya masomo, ikaisahau siku ya likizo. Lakini mzazi aliye jirani hana haja ya kungoja sheria. Yusufu kule Misri aliweka akiba ya nafaka wakati wa neema, kwa sababu alijua miaka ya njaa inakuja. Nasi siku ya kufunga shule twaijua mapema. Kwa hiyo kamati ya wazazi na ikutane kabla ya siku hiyo, si baada yake. Kila nyumba ilete kibaba cha mahindi au cha maharagwe wakati wa mavuno, maana haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu, ambaye huwaona watoto kila siku, awataje wenye shida kwa watu wawili tu walio waaminifu, nao wapeleke chakula jioni bila tangazo. Na familia itakayosaidiwa mwaka huu ipewe nafasi ya kuchangia mwaka ujao, hata kama ni kwa kuchota maji au kuleta kuni, isije ikajiona kuwa ombaomba.

Bwana wetu alifundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri. Mtoto aliyeshiba kwa siri atarudi shuleni pamoja na wenzake bila haya, wala hatakuwa amepungua.