Ndege iliyojengwa darini mwa gereza

Katika Vita Kuu ya Pili, maofisa Waingereza waliofungwa katika ngome ya Colditz, Ujerumani, walijenga ndege isiyo na injini. Bill Goldfinch na Jack Best walifanya kazi darini, juu ya kanisa, wamejificha nyuma ya ukuta wa uongo. Walinzi walizoea kutafuta mashimo ardhini. Juu hawakutazama sana.

Mabawa ndiyo yaliyosumbua: karibu mita 10 toka ncha hadi ncha, na mahali ni padogo. Mihimili ilitoka kwenye mbao za sakafu, mbavu kwenye mbao za vitanda. Kitambaa cha mifuko ya kulalia kilipakwa uji wa uwele ili kikaze, kisipitishe upepo. Anayelala chini ya shitingi anajua uji huo ulikuwa chakula cha mtu. Mwisho wangetoboa ukuta, wafungie mabawa huko juu ya paa.

Waliijua hatari. Machi 1944 wafungwa 76 walitoroka kambi nyingine. 50 wakapigwa risasi.

Wamarekani walifika Colditz Aprili 1945, ndege haijaruka. Nakala yake iliruka Uingereza mwaka 2000, wazee Best na Goldfinch wakiitazama.